Mbona nyotamkia haina mkia kwenye picha ya darubini kubwa?

Nyotamkia ang'avu ikitokea, ombi la watu ni lile lile: elekezeni darubini kubwa kuliko zote, mtuletee picha. Darubini inaelekezwa, picha inatolewa, na watu wanaguna. Wanaona doa jeupe lililozungukwa na ukungu, vistari vya rangi vimetapakaa huku na huku, na mkia hakuna. Usiku huo huo, mtu mwenye kamera ya kawaida na stendi ya miguu mitatu amepata mkia wote, kuanzia kwenye upeo wa macho hadi juu.

Darubini haina kosa. Imeombwa kazi isiyo yake.

Mwezi mpevu huchukua nusu digrii ya anga. Januari 2007, nyotamkia McNaught ilikuwa na mkia wa zaidi ya digrii 30, yaani Miezi 60 iliyopangwa foleni. Sasa tazama kamera ya GMOS iliyofungwa kwenye darubini za Gemini, moja ikiwa Hawaii na nyingine Chile, kila moja na kioo cha mita 8.1. Kamera hiyo huona kipande cha anga kisichofika hata sehemu moja ya tano ya upana wa Mwezi. Ni kumtazama tembo kupitia tundu la ufunguo.

Jambo hili lilijulikana mapema. Mwaka 1882 David Gill, mkuu wa kituo cha uangalizi wa anga cha Rasi ya Tumaini Jema, alitaka kuipiga picha nyotamkia kubwa ya mwaka ule. Alimwita mpigapicha wa pale pale, wakaifunga kamera ya kupigia picha za watu juu ya darubini. Darubini ilifanya kazi ya kuibeba kamera na kuifuata nyotamkia tu. Picha zikatoka nzuri, lakini kilichomshangaza Gill ni wingi wa nyota zilizojitokeza nyuma ya mkia. Hapo ndipo alipopata wazo la kuorodhesha nyota za kusini kwa njia ya picha, na orodha hiyo ilipokamilika ilikuwa na nyota zaidi ya 450,000.

Tatizo jingine ni mwanga wenyewe. Kioo cha mita nane hukusanya mwanga mara zaidi ya milioni moja kuliko mboni ya jicho lililozoea giza. Hiyo ni neema ukitafuta galaksi hafifu. Kwa kitu kinachoonekana kwa macho matupu, pikseli za katikati (vile vidoa vya kamera vinavyopokea mwanga) hufurika upesi, na pikseli iliyofurika haituambii chochote. Inabidi kupiga picha nyingi za muda mfupi, kisha kuzijumlisha.

Tena nyotamkia hung'aa zaidi inapokuwa karibu na Jua, mahali pabaya kabisa kwa darubini ya gharama kubwa. Darubini ya anga ya Hubble hairuhusiwi kutazama ndani ya digrii 50 kutoka kwenye Jua. Zile za ardhini husubiri baada ya machweo au kabla ya mapambazuko, nyotamkia ikiwa chini sana, mwanga wake ukipenya hewa nene inayotetemeka. Baadhi haziwezi hata kuinama kufika huko chini.

Vile vistari vya rangi ni nyota. Nyotamkia husogea kati ya nyota (si kama kimondo, ambacho huwaka na kuzimika ndani ya sekunde chache, watu wengi huvichanganya), kwa hiyo darubini huifuata yenyewe na kuziacha nyota ziburutike. Picha za rangi hupigwa moja moja kwa vichujio, chekundu, kijani, buluu, na kila mara nyota imeshahama. Ndiyo maana nyota moja hutokea kama vijistari vitatu vya rangi tofauti.

Basi darubini kubwa tunaitumia ya nini? Wengi hudhani ni kuona kiini, yaani bonge lenyewe la barafu na vumbi. Hesabu inakataa. Tarehe 12 Oktoba 2024, nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS ilipita kilomita milioni 70 hivi kutoka duniani. Kwa umbali huo, hata usiku ambao hewa imetulia vizuri sana, kitu chenye upana wa kilomita 170 huonekana kama nukta moja. Viini vingi vina upana wa kilomita chache tu. Ile nukta kali ya katikati ni gesi na vumbi vilivyokifunika kiini.

Lakini ukungu huo una mengi. Tukiondoa kwa kompyuta mng'ao wa wastani, hubaki michirizi ya vumbi inayofoka kutoka kwenye kiini, na kwa kuwa kiini kinazunguka, michirizi hujikunja kama maji ya mpira wa kumwagilia unaozungushwa. Mwaka 1997 vumbi la nyotamkia Hale-Bopp lilionekana kama mawimbi yanayofuatana, na kutokana na hayo ilijulikana kwamba kiini chake hujizungusha mara moja kwa saa 11 na dakika chache.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hata si picha. Ni kuuchambua mwanga rangi kwa rangi, kazi inayohitaji mwanga mwingi kweli kweli. Rangi ya kijani ya kichwa hutoka kwa molekuli za atomi mbili za kaboni, ambazo mwanga wa Jua huzivunja kabla hazijafika mkiani. Ndiyo sababu mkia hauwi kijani. Mwaka 2021, watafiti waliochambua vipimo vya miaka mingi vya VLT, darubini nyingine kubwa iliyoko Chile, walitangaza kukuta mvuke wa chuma na nikeli katika nyotamkia nyingi, hata zikiwa mbali na Jua, kwenye baridi ambayo metali haipaswi kugeuka mvuke. Kilichopimwa ni kama gramu moja ya chuma kwa kila kilo 100 za maji. Kamera ya stendi haiwezi kukiona kiasi hicho, hata iwe mikononi mwa fundi gani.

Na umma ukishasahau, darubini huendelea. Hale-Bopp ilipita karibu na Jua Aprili 1997. Mwaka 2007, ikiwa kati ya njia za sayari za Uranusi na Neptuni, ilikuwa bado imejifunika ukungu wake.