Kilobiti 448 kwa spika sita: hesabu inayokosewa kuhusu mbano wa sauti ya mzunguko

Wateja wengi wanaoniita niwafungie spika sita sebuleni huniambia jambo lile lile kabla sijafungua hata boksi la kwanza: DVD ya tamasha ina Dolby Digital, yaani mfumo wa kubana sauti ya spika nyingi, ya kilobiti 448 kwa sekunde, MP3 za kwenye simu ni za kilobiti 320, kwa hiyo DVD ndiyo yenye sauti safi zaidi. Nimelisikia mara nyingi mno, na linaniuma kwa sababu mtu aliyegharimia spika nzuri amekosea hesabu ya kugawanya tu.

MP3 hiyo ina chaneli mbili, yaani njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia. Dolby Digital ya 5.1 ina chaneli tano kamili na ya sita ya besi, ambayo haivuki hezi 120 na hivyo hutumia biti chache. Ukigawanya 448 kwa tano, bila hata kuihesabu ya besi, kila chaneli inapata pungufu ya kilobiti 90, ilhali MP3 inaipa kila chaneli 160. Ni kweli kwamba kodeki, yaani programu inayobana na kufungua sauti, haigawi sawasawa, bali huchota biti kutoka fungu moja na kuipa zaidi chaneli yenye kazi kubwa wakati huo. Katika filamu utaratibu huo unafaa sana, kwa kuwa mara nyingi mazungumzo yako spika ya kati na nyingine zimetulia. Katika muziki ala zote hulia pamoja na kila chaneli hudai fungu lake. Chaneli sita zisizobanwa, za biti 16 na kilohezi 48, huhitaji kilobiti 4,608 kwa sekunde, kwa hiyo kinachobaki kwenye DVD ni takriban sehemu moja ya kumi.

Wateja huchunguza trebo na besi, na wakizikuta zipo huridhika. Kinachotoweka kwanza ni mahali sauti inapotoka. Biti zikiwa haba, Dolby Digital huunganisha masafa ya juu ya chaneli kadhaa kuwa mkondo mmoja, kisha huandika tu kila spika iutoe kwa nguvu kiasi gani. Nguvu hubaki, lakini tofauti ndogo za mawimbi baina ya spika na spika, zinazolijulisha sikio upana wa ukumbi, hufifia. Sikiliza makofi baada ya wimbo: katika nakala nzuri unasikia viganja vya watu waliokaa nyuma yako, kila mmoja mahali pake, katika iliyobanwa mno, makofi hayo huwa mvua juu ya bati. Isitoshe, mwimbaji aliyegawiwa spika mbili za mbele husikika katikati yake, ilhali kelele inayoletwa na mbano katika kila chaneli hubaki kwenye spika yake, na sikio hutenganisha kwa urahisi vitu vilivyo pande mbalimbali. Ndiyo maana nawasihi wateja wakae katikati ya spika zote na kufuatilia mwangwi unavyokufa mwishoni mwa wimbo wa polepole, badala ya kupima sabufa.

Mbano wenyewe hauna kosa. Mifumo kama MLP ya diski za muziki za DVD-Audio, pamoja na Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio za Blu-ray, hubana na kurudisha kila biti iliyotoka studio. FLAC, aina ya faili ya sauti, nayo hufanya hivyo hadi chaneli nane, lakini kugeuza faili ya Dolby Digital kuwa FLAC hakurudishi chochote kilichokwisha kutupwa. Faili hunenepa tu.

Vilevile, Atmos, mfumo wa Dolby wa sauti inayokuzunguka hadi juu ya kichwa, ya huduma za muziki wa mtandaoni kwa kawaida huja kwa Dolby Digital Plus, ambayo hupoteza sehemu ya sauti, ingawa hutumia biti kwa ustadi kuliko Dolby Digital ya zamani. Kwa hiyo linganisha kilobiti za kodeki moja tu. Mbano wa faili pia si ule unaopunguza pengo kati ya sauti kubwa na ndogo: huo umo kwenye amplifaya kwa jina la hali ya usiku, nami huuzima kila ninapoukuta.

Mwisho ni kebo ya mwanga, inayosifiwa kuwa safi kuliko zote. Haibebi chaneli sita zisizopotezwa kitu. Hubeba chaneli mbili kamili, au sita zilizobanwa. Mwenye Blu-ray atumie kebo ya HDMI kutoka kwenye deki moja kwa moja hadi kwenye amplifaya.