Je, wajua: diski ikifa kwenye RAID 5, data yake inatoka wapi?

Mara ya kwanza nilipofunga RAID, yani kuunga diski kadhaa zifanye kazi kama moja, niliijaribu kihuni. Diski nne, kila moja TB 4, nikaziunga kwa RAID 5, nikajaza video humo alafu mashine ikiwa inawaka nikachomoa waya wa diski moja makusudi. Video ikaendelea kucheza kama hakuna kilichotokea.

Sasa fikiria, ile diski niliyochomoa ilikuwa imebeba vipande vya hiyo video, na zile tatu zilizobaki hazina kopi ya hivyo vipande, maana kama zingekuwa na kopi basi nusu ya nafasi ingeliwa na kopi, na mimi nilikuwa napata TB 12 kati ya 16 (kompyuta inaandika 10.9 kwa sababu yenyewe inagawa kwa 1024 na aliyeuza diski anagawa kwa 1000, ndo ugomvi wa kila siku dukani, hujaibiwa). Kwahiyo vipande vimetoka wapi?

Ukiuliza mtaani utaambiwa kuna bakapu ndani. Hakuna bakapu. Kuna hesabu, na ni hesabu ya shule ya msingi.

Chukua mchango wa harusi. Juma katoa elfu 50, Asha elfu 30, Baba Neema elfu 20, na mweka hazina kaandika kila mtu na chake alafu chini kaweka jumla, laki moja. Chai ikamwagika kwenye daftari, mstari wa Asha hausomeki. Nani atahangaika? Jumla laki moja, toa 50, toa 20, Asha katoa 30. Hiyo 30 haikuwa imeandikwa mahali pengine popote, lakini ipo, imejificha kwenye jumla.

RAID 5 inafanya hivyohivyo ila na sifuri na moja. Na haijumlishi kikawaida, kwa sababu jumla ya kawaida inakua na ingetaka nafasi kubwa kuliko namba zenyewe. Yenyewe inauliza swali dogo tu: kwenye hii safu, moja zipo ngapi, witiri au shufwa? Zikiwa witiri inaandika 1, zikiwa shufwa inaandika 0. Basi. Mafundi wanaita pariti.

Tuseme diski ya kwanza ina 1011, ya pili 0010, ya tatu 1100. Safu ya kwanza ni 1, 0, 1, moja ziko mbili, shufwa, andika 0. Safu ya pili 0, 0, 1, witiri, andika 1. Ukienda hivyo mpaka mwisho diski ya nne inapata 0101. Sasa ua diski ya pili. Umebaki na 1011, 1100 na 0101, uliza swali lilelile la witiri na shufwa safu kwa safu, utapata 0010. Ni ile ya diski iliyokufa, herufi kwa herufi. Chukua karatasi ujaribu, mimi nilijaribu kama mara tano hivi siamini.

Pariti yenyewe haikai diski moja tu. Ingekaa moja, kila ukiandika chochote hiyo diski ingepigwa kazi kuliko wenzake na kuwachelewesha wote, kwahiyo inazungushwa, kipande hiki pariti iko diski ya nne, kinachofuata iko ya tatu, kama zamu ya kufagia uwanja. Na chai ikimwagika kwenye mistari miwili, ya Asha na ya Juma, jumla moja haikusaidii tena, unahitaji jumla ya pili iliyopigwa kwa njia tofauti. Hiyo ndo RAID 6, inabeba vifo viwili, nawe unalipa kwa nafasi ya diski mbili.

Wazo lina umri. Norman Ken Ouchi wa IBM alipata hataza ya kurudisha data ya kifaa kilichokufa mwaka 1978, lakini jina RAID lilitoka chuo kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988, kwa David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Shida yao ilikuwa ya kipesa. Diski kubwa ya IBM 3380 ilikuwa na MB 7,500 na bei yake ilikuwa ya makampuni makubwa tu, wakati kidiski cha kompyuta ndogo kilikuwa na MB 100. Wakasema si tukusanye vidogo 75? Tatizo vidogo vinakufa, na ukiwa navyo vingi kuna kimoja kitakufia mapema. Walipiga hesabu, kidiski kimoja kinatarajiwa kuishi saa 30,000, ukiweka 100 pamoja tegemea msiba ndani ya saa 300, hata wiki mbili hazifiki. Ndo maana pariti sio urembo, bila hiyo kuunga diski nyingi ni kujitafutia kilio. Na ndo maana naogopa watu wanaoweka RAID 0 kwenye kazi za wateja kisa spidi, ile sifuri maana yake akiba ni sifuri, diski moja ikifa zote zimekwenda.

Sasa kwenye kufunga. Waya za SATA, zile zinazoingia kwenye diski, hazina utata, ule wa data mwembamba una pini 7 na wa umeme mpana una 15, kichwa kina kona kama L kwahiyo hauingii kinyume labda ulazimishe. Skrubu ndo angalia, za diski kubwa ya inchi 3.5 zina nyuzi pana kuliko za ile ndogo ya 2.5, ukichanganya unaharibu tundu. Kitu ambacho watu wanaruka, na mimi niliruka, ni kuandika namba ya serial ya kila diski, ile ndefu iliyo kwenye lebo, kwenye karatasi ya gundi mbele ya tundu lake.

Niliipata dawa yangu kwenye studio moja ya video za harusi. Diski imekufa, Linux, mfumo unaoendesha ile mashine, unaziita diski sda, sdb, sdc, na unasema iliyokufa ni sdc, mimi nikahesabu kutoka juu, a, b, c, nikavuta ya tatu. Kumbe herufi hizo hazifuati mpangilio wa matundu, zinatolewa mashine ikiwaka na zinaweza kubadilika ukiwasha tena. Nilivuta nzima. Tayari moja ilikuwa imekufa, ukiongeza ya pili RAID 5 inasimama palepale, na humo ndani kuna sendoff na harusi za watu ambazo hazirudiwi. Nilijasho mpaka shingoni. Nikairudisha, nikazima, nikawasha, nikaikusanya kwa nguvu kwa mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, ikakubali kwa kuwa hakuna mtu alikuwa anaandika kitu muda ule. Siku hizi kabla ya kugusa chochote naandika lsblk -o NAME,SERIAL, inanionyesha jina na namba ya serial ya kila diski, nalinganisha namba na lebo ndo navuta.

Alafu kuna kipindi kinachosahaulika, cha kujenga upya. Umeweka diski mpya, sasa kompyuta inasoma zile tatu zote mwanzo mpaka mwisho ili ipige ile hesabu. TB 4 kwa spidi ya MB 150 kwa sekunde ni kama saa saba na nusu, na hiyo ni kama hakuna mtu anaitumia, zikitumika inaweza kufika siku. Muda wote huo huna akiba. Na kama diski zako zote nne ulinunua siku moja kutoka boksi moja, zimezeeka pamoja, zimefanya kazi ileile kwenye joto lilelile, na ya pili inaweza kuchagua wakati huohuo kuaga. Ukiweza changanya, mbili duka hili, mbili lile.

Na umeme ukikatika katikati ya kuandika, data inaweza kuwa imeandikwa na pariti bado, yani mchango umeingia jumla haijabadilishwa, kwahiyo siku Asha akipotea utaletewa namba ya uongo bila kelele yoyote. UPS, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika, iwe kwenye bajeti pamoja na diski. Ukifuta faili kwa bahati mbaya RAID itakusaidia kulifuta vizuri diski zote nne kwa pamoja, kwahiyo ile kopi ya harusi kwenye diski ya nje nyumbani usiitoe, mimi yangu iko kabatini chini ya mashuka.