Maharage hayampi jirani mbolea hapo hapo

Kuna hii stori kwamba ukichanganya maharage na kabichi basi kabichi inapata nitrojeni (kirutubisho cha mimea) ya bure msimu huo huo, yaani kama wanakula sahani moja. Sio hivyo jamani. Bakteria wanaokaa kwenye vile vinundu (viuvimbe vidogo) vya mizizi ya maharage wanavuta nitrojeni ya hewani kweli, lakini maharage yenyewe ndo yanaitumia karibu yote, na nyingi inaishia kwenye mbegu ambazo wewe unavuna unaondoka nazo, sasa jirani ataambulia nini? Kidogo sana. Faida inakuja baadae mizizi na majani yakioza, kwa hiyo ukishavuna usiyang'oe, kata shina usawa wa udongo. (Yakiwa kwenye maua pasua kinundu kimoja, ndani kikiwa cha pinki ujue kinapiga kazi.)