Chumba chenye unyevu hakitibiwi kwa kiyoyozi kikubwa zaidi

Nimeitwa tena Mombasa kwenye ofisi yenye ukungu ukutani, na kwa mara nyingine nimeambiwa kwamba dawa ni kung'oa kiyoyozi cha BTU 18,000 (kipimo cha uwezo wa kupoza kwa saa) na kufunga cha 24,000. Naomba tufungue chati ya saikrometria, yaani mchoro unaohusisha joto la hewa na mvuke uliomo, kabla fedha hazijatoka.

Saa nane mchana hewa ya nje ilikuwa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70. Kwa chati ya usawa wa bahari, hiyo ni takriban gramu 21 za mvuke kwa kila kilo ya hewa kavu, na entalpia, yaani jumla ya joto lililomo katika hewa hiyo, ya kilojuli 86. Hewa tunayoitaka ndani, ya nyuzi 24 na asilimia 50, ina gramu 9.3 na kilojuli 48. Katika kilojuli hizo 38 za tofauti, kushusha nyuzi nane kunachukua 8 tu. 30 zilizobaki ni joto fiche la kugeuza mvuke kuwa maji. Anayekadiria mzigo kwa kipimajoto peke yake ameacha zaidi ya robo tatu ya kazi.

Ofisi yenyewe ilisoma nyuzi 22 na asilimia 78. Ilikuwa baridi kuliko ilivyohitajika, lakini ilibeba gramu 12.9, na umande wake, yaani halijoto ambayo mvuke huanza kugeuka maji, ulikuwa nyuzi 18, hivyo sehemu ya ukuta iliyopigwa na upepo wa kiyoyozi ililowa. Nilisimama kando ya bomba la kutolea maji nikiwa na saa mkononi: kompresa ilifanya kazi dakika nne, yakadondoka matone machache, ikazima. Maji hushika kwanza kwenye mapezi ya koili (mabati membamba kwenye mabomba baridi yanayopoza hewa) na huteremka kwenye sinia baada tu ya mapezi kulowa vya kutosha. Kompresa ikizima mapema huku feni ikiendelea, maji yale yale hurudi chumbani yakiwa mvuke. Mashine kubwa zaidi itazima mapema zaidi.

Nakiri kwamba chati haina mhimili wa muda. Mstari ulionyooka tunaouchora kutoka hali ya chumba hadi umande wa koili unachukulia kwamba mashine haizimi, na ile sehemu ya hewa inayopita bila kugusa koili mimi huiweka 0.1 kwa mazoea kuliko kwa ushahidi. Hata uwezo ulioandikwa kwenye katalogi hupimwa kwa balbu kavu (kipimajoto cha kawaida) ya nyuzi 27 na balbu mbichi (kilichofungwa kitambaa chenye maji) ya 19, yaani hewa kavu kuliko ya ofisi ile.

Baada ya kukokotoa mzigo nilipendekeza BTU 12,000 yenye inveta, inayopunguza kasi ya kompresa badala ya kuizima, feni isimame pamoja na kompresa, na mwanya ulio juu ya dirisha uzibwe.