Kisa katika utafiti wa utekelezaji

Mtoto akirudi nyumbani analia, nyanya wa Mombasa humuuliza, "Kisa nini?" Hapo hataki kupigiwa hadithi, ataka kujua sababu. Jioni, kibarazani, yeye huyo atasema "nikupe kisa," na mara hii ni hadithi kweli, ina mwanzo na mwisho. Neno moja limebeba yote mawili, nalo latufaa hapa, maana watu wa afya siku hizi wanaombwa kila mara walete "visa vya mabadiliko" kutokana na utafiti wa utekelezaji, na wengi huleta hadithi wakaiacha sababu.

Utafiti wa utekelezaji ni ule usiouliza tena kama dawa inatibu. Hilo limeshajulikana. Unauliza mbona dawa yenyewe haimfikii anayeihitaji, au ikimfikia mbona haitumii, na ni kitu gani kikibadilishwa njiani ndipo itafika. Maabara yake ni foleni ya zahanati, bei ya dukani, nauli, maneno ya mama mkwe.

Chukua chandarua. Miaka ya 1990, Kilifi, kilomita 60 hivi kutoka hapa Mombasa, watafiti walilinganisha vijiji vilivyopewa vyandarua vyenye dawa na vile ambavyo havikupewa. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takribani thuluthi moja. Ungedhani kazi imekwisha. Lakini mwaka 2004, katika wilaya nne za Kenya zilizofuatiliwa, Kwale ikiwa mojawapo (ile Kwale ya kuvuka feri tu), kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano ni 7 tu waliokuwa wakilala ndani ya chandarua chenye dawa. Miaka karibu kumi imepita, jibu lipo, watoto wanaumwa na mbu.

Kilichokwamisha kilikuwa bei. Vyandarua viliuzwa madukani kwa bei iliyopunguzwa, na kulikuwa na hoja nzito, iliyotetewa na watu wazito, kwamba cha bure hakithaminiwi. Baadaye vikauzwa rahisi zaidi kliniki kwa wajawazito na wenye watoto wachanga. Kisha mwaka 2006 serikali ikagawa zaidi ya milioni 3 bure kwa watoto, pamoja na kampeni ya chanjo ya surua. Watafiti walikuwa wakifuata nyumba zilezile muda wote huo. Kufikia mwisho wa mwaka, wale 7 wamekuwa 67, na mtoto wa maskini karibu amemfikia wa tajiri, jambo ambalo duka halikuweza kulifanya. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa msimamo kwamba vyandarua vigawiwe bure au karibu na bure. Hoja ya "cha bure hakithaminiwi" ikapoteza nguvu.

Hicho ni kisa kwa maana zote mbili. Kuna waliokuwa wamekosa, kuna kilichobadilishwa, kuna hesabu ya kabla na ya baada, na kuna uamuzi uliofanywa na mtu mwingine kwa sababu ya hesabu hiyo. Linganisha na ripoti inayosema "tulifunza wahudumu 60, tukagawa vipeperushi." Hiyo ni orodha ya kazi. Karatasi ya mahudhurio ya semina ya hoteli ya Nyali yathibitisha kwamba watu walikula chakula cha mchana.

Wengine huviita visa hivi "simulizi za athari". Mimi neno hilo silipendi. Mwambie mtu wa Kisauni kwamba utafiti umekuwa na athari mtaani kwao, atakuuliza nani ameumia.

Kisa cha kweli pia hakijitwalii sifa zote. Mwaka huohuo wa 2006 zahanati za serikali zilianza kutoa dawa mseto mpya ya malaria. Basi anayesema malaria ilipungua kwa sababu ya vyandarua peke yake amekata nusu ya habari. Asemaye "vyandarua vilichangia, na hivi ndivyo tunavyojua" ndiye wa kusikilizwa.

Halafu kuna suala la mwenye kisa. Ukificha jina la mama kisha ukaandika kwamba anauza mahamri nyuma ya msikiti fulani wa Majengo, ana pacha, na anatumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, umeficha nini? Mtaa mzima umeshamjua kabla chai haijapoa. Idhini yake iombwe baada ya kusomewa yale yatakayoandikwa, kwa Kiswahili anachokielewa, na akisema hapana iwe hapana.

Na visa vya kushindwa viandikwe pia, japo wafadhili hawavishangilii. Nina jirani upande wa Likoni, mtu mzima, alipewa neti mpya kabisa. Chumba chake ni kimoja, paa la mabati, na mwezi wa Februari usiku hauna upepo. "Joto hili, mwanangu, n'talalaje humo ndani?" aliniambia, akiendelea kuchambua mchele wake. Mhudumu wa afya ya jamii alipopita na kuuliza kama neti ipo, alijibu ipo, mhudumu akaandika ipo, akaaga. Na kweli ipo, kule uani, imezungushwa kwa miti minne na kufungwa kwa kamba za nailoni, vifaranga ndani.