Elimu kwa umma: Akaunti ya mwanachuo si ya kuazimwa

Muhula mpya umeanza, na dawati letu la malalamiko limeanza kupokea wageni wake wa kila mwaka: wanachuo walioibiwa, na wanachuo ambao akaunti zao zimewekewa zuio, yaani fedha haziwezi kutolewa, na hawaelewi kwa nini. Makala hii inawahusu zaidi hao wa pili. Kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu, tunaamini hilo halihitaji tena maelezo.

Wengi hutuambia, "Sina kitu kwenye akaunti, tapeli atachukua nini?" Tapeli hana shida na salio lako. Anachotafuta ni akaunti safi, yenye jina la mtu halisi, ya kupitishia fedha alizoiba kwingine. Ndiyo maana mwanachuo hutumiwa tangazo la kazi nyepesi: pokea malipo ya wateja, yatume kwenye namba utakayopewa, ubaki na asilimia 10. Wengine huombwa tu wakodishe kadi au laini ya simu kwa wiki chache. Hakuna kampuni halali inayopitisha mapato yake kwenye akaunti ya mtu iliyemwajiri jana kwa WhatsApp.

Utaratibu unaofuata ni huu. Aliyeibiwa anatoa taarifa kwenye benki yake. Benki hiyo inawasiliana na taasisi ilikopokelewa fedha, yaani kwenye akaunti yako, na taasisi hiyo inaweza kuweka zuio wakati uchunguzi unaendelea. Zuio likigusa akaunti nzima, halitenganishi fedha za tapeli na ada uliyotumiwa na mzazi. Utaitwa na kitambulisho chako, ueleze kila muamala unaotiliwa shaka: nani alituma, kwa ajili ya nini, na zilikwenda wapi. Maelezo yasiporidhisha, jalada linaweza kufika polisi.

Hapo ndipo tunapolaumiwa kwamba wahudumu "wanaficha mambo". Viwango vya kimataifa vya kudhibiti utakatishaji fedha, yaani kuficha chanzo cha fedha za uhalifu, vinavyowekwa na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na uhalifu huo kilichoundwa mwaka 1989, vinataka sheria zikataze taasisi ya fedha kumdokeza mteja kwamba taarifa ya muamala wake unaotiliwa shaka imepelekwa kwenye kitengo cha serikali kinachofuatilia fedha haramu. Mhudumu anayekujibu kwa mkato huenda anatii sheria. Kumfokea hakuharakishi chochote.

Kuhusu adhabu: hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini utakatishaji fedha ni kosa la jinai, na kauli ya "sikujua, nilimsaidia rafiki" haitoshi yenyewe. Katika nchi nyingi huangaliwa pia kama ulikuwa na sababu za kushuku. Kulipwa asilimia 10 kwa kubonyeza simu ni sababu tosha. Hata usipofikishwa mahakamani, akaunti inaweza kufungwa, na kufungua nyingine au kupata mkopo baadaye kukawa kazi.

Ipo pia njia isiyo na tangazo la kazi. Unapokea ujumbe kwamba fedha zimeingia kwako, kisha mtu anapiga simu akilia kwamba amekosea namba, umrudishie haraka. Kwanza angalia salio, si ujumbe. Jina la mtumaji wa ujumbe mfupi linaweza kughushiwa, na ujumbe wa uongo ukajipanga kwenye simu yako chini ya jumbe halisi za benki. Kama fedha zimeingia kweli, bado usizitume mwenyewe. Toa taarifa kwenye benki, zirudishwe zilikotoka. Ukizituma kwenye namba aliyokutajia, mmiliki halisi wa fedha akidai, utadaiwa wewe.

Matumizi nayo yana sehemu yake, kwa sababu kazi hizi za ajabu huwa tamu pale mfuko unapokuwa mtupu. Fedha ya muhula ikiingia, toa kwanza kodi na ada, kinachobaki kigawe kwa idadi ya wiki zilizobaki. Si hesabu ngumu, ila wengi huifanya wiki ya nane. Halafu wanakimbilia mikopo ya kwenye simu. Ukikopa 100 ukarudisha 110 baada ya siku 7, hiyo si "asilimia 10 tu". Kwa mwaka ni zaidi ya asilimia 500. Na kundi linaloahidi kuzidisha fedha zako ndani ya mwezi halina jipya: mwaka 1920 huko Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akawa anawalipa wa mwanzo kwa fedha za waliofuata, hadi mambo yalipoharibika mwaka huo huo.

Ukishatapeliwa, piga simu benki saa hiyo hiyo, kabla ya kumtafuta tapeli kumbembeleza. Njoo na namba ya muamala, muda, namba iliyopokea na mazungumzo yote. Wengi huyafuta kwa aibu, wakatuachia kazi ya kubahatisha. Na akitokea mtu anayejiita afisa wa kurejesha fedha, akataka malipo kidogo ya kufungua faili, mkatie simu na uiongeze namba yake kwenye lalamiko lako. Majina ya waliokwishatapeliwa huuzwa kati ya matapeli.