Left haina kosa, angalia rejea

Tafadhali tuache huu ushauri wa "futa Office, weka upya". Faili la Excel la mahesabu ya tumbaku linatoka Tabora mjini kwa flashi, linafunguliwa Urambo au Sikonge, makro inagoma, neno Left limepakwa rangi, na ujumbe unasema "Can't find project or library". Papo hapo watu wanaamini Left imepotea. Haijapotea. Left, Date, Format na Trim ni amri zilizomo ndani ya maktaba (mkusanyiko wa amri tayari) ya VBA yenyewe, lugha ya kuandikia makro za Excel.

Kilichopotea ni maktaba nyingine kabisa. VBA ikitafuta jina, hupitia orodha ya rejea, yaani maktaba ambazo faili linazitegemea; moja ikiwa imevunjika utafutaji hukwama, na lawama huangukia jina lililokuwa likitafutwa. Ndiyo maana ukiandika VBA.Left mstari huo unapita, halafu unakwama kwenye Date mistari mitano mbele. Hujatengeneza kitu hapo, umehamisha tatizo.

Bonyeza Alt+F11 ufungue kihariri cha VBA. Makro ikiwa imesimama katikati, References haibonyezeki, kwa hiyo anza na Reset. Ingia Tools, kisha References, utafute mstari wenye tiki ulioanza na MISSING. Nakili jina lake kwenye karatasi, toa tiki, OK, halafu Debug, Compile VBAProject, inayokagua makro bila kuiendesha. Ikipita kimya, kwa kawaida maktaba ile haikuwa na kazi; hifadhi faili. Ikigomea mstari kama Dim barua As Outlook.MailItem, ilikuwa na kazi: rudi utie tiki kwenye toleo lililomo katika mashine hiyo.

Na "mbona kwangu inafanya kazi" si ushahidi. Office 2010 ni 14.0, 2013 ni 15.0, 2016 na zilizofuata ni 16.0. Faili la 14.0 likifunguliwa kwenye 16.0, rejea hujipandisha yenyewe bila kuuliza. Likihifadhiwa huko na kurudi kwenye 14.0, haishuki. Mwenye mashine mpya ndiye aliyevunja, na yeye haoni dalili yoyote.

Kwa faili linalozunguka ofisini kwa watu, ondoa rejea ya Outlook kabisa, tangaza vigeu vyake As Object, tumia CreateObject("Outlook.Application"). Hapa wengi huumia: majina yanayosimamia namba, kama olMailItem (barua pepe) na olAppointmentItem (miadi), nayo yanaondoka na maktaba. Andika 0 badala ya olMailItem, 1 badala ya olAppointmentItem. Bila Option Explicit, mstari wa juu unaolazimisha kila jina litangazwe, jina lisilojulikana huwa tupu na kusomwa kama 0, hivyo barua pepe itaonekana sawa kwa bahati tu, lakini ukiomba miadi utaletewa barua pepe.

Hata hivyo nasita kumpa anayejifunza njia hii. Ukiweka nukta, kihariri hakikuletei tena orodha ya majina, na kosa la herufi moja halionekani mpaka makro iendeshwe. Mimi naona bora aandike akiwa na rejea, kisha aiondoe na kufanya Compile kabla ya kunakili faili kwenye flashi.